Niliipokea Mashine

Mke wa rafiki yangu alipobisha hodi asubuhi ile, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikitia jembe mpini. Nilimsikia mke wangu akimkaribisha, kisha nikasikia kiti kikiburutwa barazani. Halafu mke wangu akanijia, ameuma ncha ya leso yake, akaniambia, "Wamekuja kuifuata pawaso."

"Wamekuja nani?"

"Mkewe. Mwenyewe amefariki. Huu ni mwezi wa nne sasa."

Niliendelea kuugonga ule mpini kana kwamba sikusikia. Niligonga mpaka mke wangu akanishika mkono. "Nenda ukampe pole," akasema. "Hayo mengine baadaye."

Pawaso ndilo jina tulilouita msumeno wa injini, ule wa kuangushia miti na kupasulia mbao. Huo wa rafiki yangu nilikuwa nimeuweka kwa miaka miwili na ushei. Nilikuwa nimeuficha darini mwa banda la mbuzi, umefungwa ndani ya gunia, na katika muda wote huo sikuwahi kuushusha hata siku moja. Mbuzi nilikuwa nikiwafungulia asubuhi nikiangalia chini.

Mimi ni mtu wa huku huku, kijiji kilicho kati ya Msambweni na Kikoneni. Rafiki yangu alitoka bara, upande wa ziwa. Alikuja pwani kufanya kazi ya bustani katika hoteli moja ya Diani, na kazi ilipokwisha alijinunulia ile pawaso, akapanga chumba Ukunda pamoja na mkewe. Tulikutana kwenye shamba la minazi mikongwe isiyozaa tena. Yeye alikuwa na mashine, mimi nilikuwa najua ni nani mwenye minazi ya kukatwa na ni nani atakaye mapau ya kuezekea. Tulifanya kazi pamoja miaka minne.

Alikuwa mtu wa taratibu. Kabla ya kupasua gogo, alichovya uzi katika unga mweusi wa betri kuukuu, tukaunyoosha yeye huku mimi kule, akauvuta na kuuachia, ukapiga mstari mweusi ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Mwezi wa Ramadhani, mimi nikiwa nimefunga, alikuwa akienda nyuma ya miti kunywa maji yake. Nilimwambia hakuna haja. Akasema, "Si vizuri ninywe maji ukiniangalia." Kwa hiyo mwezi mzima mtu yule wa kanisani alikunywa maji kwa kujificha kama mwizi, kwa ajili yangu.

Mashine yenyewe hakuniruhusu kuiwasha. Nilishika magogo, nilipiga kabari, nilibeba mbao. Aliniambia nikitaka kujifunza niende kwake Jumapili, siku ambayo huifungua na kuisafisha. Sikwenda. Jumapili nilikuwa na shamba langu.

Mwezi wa nane mwaka wa tisini na saba, vurugu zikaanza upande wa Likoni. Maneno yalikuwa yameshatangulia, kwamba watu wa bara warudi kwao. Mimi sikuyatilia maanani, maana maneno ya namna hiyo husemwa yakaisha. Lakini safari hii nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na hofu ikashuka na barabara yote ya kusini mpaka ikatufikia sisi. Dukani kwetu kulisemwa kwamba atakayemficha mtu wa bara, naye atahesabiwa kuwa wa bara.

Siku ya tatu au ya nne, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, nikasikia hodi. Nilipofungua mlango nilimkuta amesimama uani, gunia begani, suruali imelowa umande hadi mapajani. Walikuwa wametembea kwa kupitia mashambani tangu Ukunda. Alikuwa amemwacha mkewe nyuma, kwenye kona ya mikorosho, asije akaonekana. Sikumwona, lakini nilimsikia mtoto wao mchanga akilia upande ule.

"Ndugu yangu," akaniambia, "tuweke siku mbili tu. Mambo yakitulia tutaondoka."

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Jirani yetu alikuwa amefungua dirisha. Nilikuwa na chumba kimoja cha ziada chenye kitanda. Nayaandika haya yote pamoja kwa sababu yote yalinijia kwa pamoja, nami sikuchukua muda kuyapima.

"Mashine nitakuwekea," nikasema. "Ninyi nendeni kanisani, kule mtakuwa wengi. Mtakuwa salama zaidi."

Aliniangalia. Nilingoja aseme neno jingine, aombe tena, labda anikasirikie. Akasema tu, "Sawa. Usijali." Akaiteremsha pawaso begani akanipa, na uzito wake ukanivuta mikono chini. "Tangi lina mafuta," akaongeza. "Uyamwage, yasikae humo." Kisha akarudi njia ile ile aliyojia.

Nilikwenda moja kwa moja bandani, nikaipandisha darini. Niliporudi ndani, mke wangu alikuwa ametandika sinia, vikombe vitatu juu yake, chai imeshamiminwa.

"Wako wapi?"

"Wamekwenda."

Alichukua kikombe kimoja kimoja, akaimimina chai ndani ya sufuria. Siku ile yeye mwenyewe hakunywa chai.

Walikaa katika uwanja wa kanisa, pamoja na wengine, kwa muda wa miezi miwili. Nilikuwa nikipata habari zao kwa watu. Kutoka kwangu hadi pale ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, lakini sikwenda. Kila juma nilijiambia nitakwenda juma lijalo, nimpelekee mihogo, au nazi. Kisha zikaja zile mvua kubwa za Elinino, madaraja yakasombwa, na nilipopata habari zao tena, nikaambiwa wameshapanda lori kwenda kwao.

Mvua ziliangusha miti mingi. Watu walinijia, "Si una pawaso wewe?" Nikawaambia sina. Sikuwa nasema uongo kwa kweli, maana haikuwa yangu, lakini sababu haikuwa hiyo. Sikutaka kuishika. Mafuta aliyonitaka niyamwage niliyaacha yakauka ndani ya tangi.

Sasa mkewe alikuwa ameketi barazani kwangu. Alikuwa amekonda, mkoba mdogo uko miguuni pake. Nilimpa mkono.

"Pole sana, shemeji."

"Nishapoa, shemeji. Ni kazi ya Mungu."

Akatueleza. Kifua kilimwanza mumewe pale uwanjani kanisani, mvua za kwanza zilipowakuta chini ya turubai. Alipofika kwao akapata nafuu, kisha kikarudi. Alikuwa akipona mwezi mmoja na kulala miwili, hadi mwisho hakuweza hata kubeba ndoo. Alifia kitandani kwake, mchana, mkewe akiwa amekwenda kisimani.

"Nina kaka yangu," akasema. "Ana nguvu, hana chombo. Kwetu kuna mikaratusi mingi ya kukata. Akipata hii mashine, watoto wangu watakula. Nimekuja na lori la mtu wa kwetu, anarudi kesho jioni kutoka Ukunda." Akausogeza mkoba wake karibu. "Lakini shemeji, kama imekufa, siibebi. Nimezika mwaka huu. Sibebi maiti nyingine siku mbili njiani."

Niliishusha. Gunia liliniachia vumbi na mavi ya panya usoni. Tulitandika jamvi chini ya upenu, nikaiweka pale. Kamba ya kuwashia nilikuwa nimeshaishika nivute, aliponizuia.

"Usivute kwanza. Mashine iliyolala hivi ukiivuta kwa nguvu unaivunja."

Nilimtazama. Akafunga kanga yake kiunoni, akapiga magoti jamvini, akaomba mfuniko wa sufuria. "Wa kuwekea skrubu," akasema. "Kila Jumapili tukitoka kanisani alikuwa anaifungua chumbani. Chumba kidogo, giza. Mimi ndiye nilikuwa nashika tochi na hizi skrubu. Nazijua zote."

Ndipo nilipofahamu kwamba mimi, niliyetembea na ile pawaso miaka minne, nilikuwa siijui, na yeye ambaye hakuwahi kuangusha mti aliijua kama anavyojua jiko lake. Kazi ile tuliifanya kwa maneno yake na mikono yangu.

Alianza na mahali pa kutolea moshi. Nyigu walikuwa wamejenga humo, udongo umekauka kama saruji. Tuliuvunja kwa kijiti na kuutoa kidogo kidogo, tukageuza mashine kichwa chini ili usimwagikie ndani. Kichujio cha hewa kilikuwa kimeota ukungu, tukakiosha kwa sabuni na kukianika juani. Kisha tukatoa plagi. Ilikuwa kavu na nyeusi. Kwenye tundu lake akanitaka nidondoshe matone machache ya oili safi, tungoje, kwa maana pistoni huenda imeshikwa na kutu. Tulingoja kwa muda wa kunywa chai. Baadaye nikaivuta kamba taratibu. Ilikataa, ikakataa, kisha ikalegea, nikasikia pistoni ikipanda na kushuka.

"Mshukuru Mungu," akasema. "Sasa tangi."

Nilifungua mfuniko wa tangi. Harufu iliyotoka haikuwa ya petroli tena, ilikuwa kama ya rangi iliyochacha. Ndani kulikuwa na utando wa kahawia, mzito, unaonata kama ulimbo. Mpira wa kupitishia mafuta ulivunjika mikononi mwangu.

Alichungulia. "Hayakumwagwa," akasema.

"Nilisahau," nikasema.

"Si kosa lako, shemeji. Hukuwepo alipoileta, nani angekwambia?"

Niliinua uso. Mke wangu alikuwa mlangoni akipepeta mchele, na ungo wake ukasimama.

"Sikuwepo?"

"Si ulikuwa umeenda Lunga Lunga? Alirudi pale nilipomngoja kwenye mikorosho, akaniambia ameikuta nyumba imefungwa, mashine amemwachia jirani. Nikamwambia tungoje basi, labda mnarudi. Akasema hapana, tusiwaletee shida watu wasipokuwepo." Alikuwa akiufuta mfuniko wa tangi kwa kitambaa, wala haniangalii. "Tukiwa pale kanisani, mvua ikitunyeshea, alikuwa anasema, 'Angekuwepo yule siku ile, tungelala ndani.' Hata siku za mwisho alikutaja. Ndiyo maana nikaja kwako bila wasiwasi."

Nilichukua kitambaa nikaendelea kusugua tangi. Nilisugua mpaka vidole vikaniuma. Nilimsikia mke wangu akiingia ndani, na ule mchele sikuusikia tena.

Mpaka leo siwezi kueleza vizuri nilichokihisi. Kwa miaka miwili nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Nilikuwa na majibu yangu, nimeyapanga: mimba ya mke wangu, dirisha la jirani, maneno ya dukani. Sasa nikakuta hakuna wa kunilaumu, kwa kuwa yule niliyemfukuza mlangoni kwangu alitembea hatua mia moja hadi kwenye mikorosho, mtoto analia, hana pa kwenda, na katika hatua hizo mia akawa amenitungia udhuru.

Tuliendelea. Tulisuuza tangi kwa petroli mpya mara tatu. Plagi tuliipiga msasa, nikaifunga kwenye waya wake, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikavuta kamba. Cheche ya bluu ikaruka. Tulirudisha plagi, tukadondosha petroli kidogo kwenye koo la kabureta, nikavuta. Mara ya nne ikanguruma, sekunde mbili tatu, ikazima. Tukarudia, ikafanya vile vile.

"Moto upo," akasema. "Mafuta ndiyo hayafiki. Ni kabureta."

Kabureta tuliifungua jua likiwa limeinama. Ndani yake kuna kiwambo chembamba cha mpira, kama ngozi ya ngoma, kinachovuta mafuta kikitetemeka. Hicho kilikuwa kimekauka kikakakamaa. Alikishika kwa kucha mbili, kikalia kama karatasi. "Hiki ndicho," akasema. "Alikuwa na kingine cha akiba kwenye kopo, lakini lile kopo liliungua Ukunda na vitu vyetu vingine."

Alilala kwetu. Mke wangu alitandika shuka safi katika kile chumba cha ziada. Kabla ya kuingia kuoga alinisogelea pale kisimani nilipokuwa nikinawa mafuta mikononi.

"Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Niache kwanza mashine iwake."

"Mwenzio umemwacha miaka miwili," akasema, akaenda zake.

Asubuhi nilikwenda Ukunda kwa gari la kwanza. Palikuwa na fundi wa jenereta nyuma ya soko, mtu wa maneno mengi, ambaye ukutani kwake alitundika mashine mbovu za kila aina. Nilimwonyesha kiwambo. Akacheka. "Boss, hii ulikuwa umeiweka kwa kaburi ama?" Alipekua, akapata pawaso iliyokufa ya aina ile ile, akaifungua na kunitolea kiwambo chake kilichokuwa laini bado, na kipande cha mpira wa mafuta. Njiani wakati wa kurudi nilikishika kile kiwambo ndani ya karatasi, juu ya mapaja, kama mtu aliyebeba yai.

Nilimkuta ameshasafisha matundu ya kabureta kwa uzi mmoja wa waya, na mnyororo ameutoa kwenye oili alikouloweka tangu jana, anautia tupa jino kwa jino. Tulifunga kila kitu. Alinipa skrubu moja moja kutoka kwenye mfuniko wa sufuria, na kila moja alijua tundu lake. Tukachanganya petroli na oili kwa kipimo alichokikumbuka, tukatia, nikaikanyaga mashine kwa mguu, nikavuta.

Nilivuta mpaka fulana ikanigandia mwilini. Mara ikatoa mlio mmoja. "Rudisha choki," akasema haraka, akinionyesha kitufe cha kubania hewa. "Sasa vuta!"

Ikawaka. Moshi mweupe ulijaa upenuni, kuku wakatawanyika, majirani wakatoka. Nilikuwa sijausikia mlio ule tangu siku zetu za mashambani. Nilimwona ameweka kiganja chake juu ya mpini wa mbele, unamtikisa mkono hadi begani, na machozi yanamtiririka wala hayafuti. Nami nililia. Alidhani tunalia kilio kimoja.

Nilikata kipande cha gogo la mnazi lililokuwa uani, ili tuone inavyokata ikipewa kazi. Ikakata vizuri, bila kusita. Alinionyesha kwa mkono niizime. Nikaizima. Majirani walipoondoka, mke wangu akatoka akasimama kizingitini.

"Shemeji," nikasema, "siku ile nilikuwepo."

Hakuelewa. "Siku gani?"

"Alipoileta. Sikwenda Lunga Lunga. Alinikuta mlangoni. Aliniomba niwaweke siku mbili. Mimi ndiye niliyesema muende kanisani. Nikaichukua mashine, nikafunga mlango."

Alimgeukia mke wangu, kama mtu anayemwomba shahidi akanushe. Mke wangu aliinamisha kichwa.

Alikuwa ameshika ile tupa, anaizungusha vidoleni.

"Aliomba mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja."

"Angeomba mara ya pili?"

Nilitaka kusema ningekubali. Huenda ningekubali. Lakini sikuwa na hakika, na siku ile nilikuwa nimeamua kutosema nisilo na hakika nalo. "Sijui," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Nililala naye chini ya ile turubai miezi miwili," akasema. "Nikadhani ananiambia kila kitu." Sauti yake haikuwa ya hasira. Hasira ningejua la kuifanyia. "Kumbe alikuwa amebeba hili peke yake. Na kifua chake kile."

"Nisamehe," nikasema.

"Sijui, shemeji," akasema. "Na mimi sijui."

Alikwenda kuosha mikono. Alikula chakula alichopikiwa na mke wangu, wali na samaki, akala vizuri, maana safari ilikuwa ndefu. Mke wangu alimfungia nazi na maembe mabichi ya watoto. Nilipoichukua pawaso kumpeleka hadi barabarani hakunikataza. Alitangulia yeye na mke wangu, wameshikana mikono, wakizungumza kwa sauti ya chini mambo ambayo sikuyasikia. Mimi nyuma na mzigo begani. Mtoto wetu, ambaye siku ile ya hodi alikuwa bado tumboni, alikuwa mgongoni mwa mama yake, akiniangalia njia nzima.

Tulipofika barabarani tulisimama kivulini tukingoja gari. Nilimweleza namna ya kuifunga kwenye lori isilale ubavu, naye akanijibu kwamba anajua. Gari lilipokuja, alimkumbatia mke wangu kwa muda mrefu. Mimi alinipa mkono. Ulikuwa mkono wa adabu, kama anaopewa karani. Akasema, "Asante kwa kuiwasha," akapanda.

Kwa muda wa miezi mitano hatukupata habari. Nilikuwa nikiwaza kama ilifika nzima, kama kaka yake aliweza kuiwasha, kama haikumrukia mtu mguuni. Mke wangu hakunisema. Lakini tangu hapo, mtu akibisha hodi kwetu, awe nani, yeye ndiye hutangulia kwenda mlangoni, nami humwachia.

Barua ilikuja kwa sanduku la posta la msikiti, imeandikwa jina la mke wangu. Mke wangu hakusoma shule. Akaniletea pale nilipokuwa nikimenya mihogo, akaketi mbele yangu, akasema, "Nisomee."

Nikamsomea. Mashine ilifika. Kaka mtu anakata mikaratusi na kazi haimpungukii. Mvua kwao ni nzuri. Mtoto mkubwa ameanza chekechea, yule mdogo alipatwa na surua akapona. Kaburi wamelijengea kwa mawe. Kisha zikafuata salamu: za mke wangu, za mtoto wetu, za jirani aliyempa maji ya kuoga alipolala kwetu. Nilisoma mpaka mwisho wa karatasi, nikaigeuza nikitafuta jina langu, nyuma hapakuwa na kitu.

"Soma tena," mke wangu akasema.

Nikasoma tena, tangu juu, kwa sauti, nisiruke neno. Nilipomaliza aliichukua, akaikunja pale pale palipokuwa na mikunjo, akaitia kifuani mwa leso yake. Kisha akavuta karai karibu, akachukua kisu cha pili, tukaendelea kumenya mihogo.